Waliopita Umri wa Mkono wa Idi

Sogeeni tukae vizuri, na kila mmoja aje na uamuzi wake, maana hadithi hii mimi ninayo nusu tu. Nusu iliyobaki mnayo nyinyi.

Katika mtaa wa Chungwani, kule Pemba, walikuwepo vijana watatu, na kila mmoja alikuwa na jambo aliloliweza kuliko wenzake.

Wa kwanza ni Sabiha, msichana wa miaka kumi na mitatu. Yeye alipewa masikio. Akikaa barazani kwa shangazi yake alikwambia pikipiki inayokuja ni ya nani kabla haijakata kona, na kama imebeba abiria au la. Alikuwa mgeni Chungwani. Wazazi wake waliachana, akaletwa kwa shangazi, na mtaa mzima ulikuwa bado ukimwita "yule mtoto wa kwa Bi Shazume" kana kwamba hana jina.

Wa pili ni Faki, mvulana wa miaka kumi na mitano. Yeye alipewa miguu na viganja vya kukwea. Mnazi, mkarafuu, ukuta wa skuli, chochote kilichosimama wima Faki alikifikia kileleni huku anapiga mluzi. Alikaa na bibi yake asiyeona, wawili peke yao.

Wa tatu ni Mize, na huyu ndiye tutakayefuatana naye. Alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye alipewa mikono. Mdogo wake, Riziki, wa miaka sita, alizaliwa hasikii. Hakuna aliyewafundisha namna ya kuzungumza. Waliitunga lugha yao wenyewe jikoni na uani, kidole baada ya kidole. Kugusa ndewe ya sikio ilikuwa "mimi, dada yako." Kufunga ngumi kifuani ilikuwa "shika, usiachie." Mama yao alijua maneno machache ya lugha ile. Watu wengine hawakujua hata moja.

Siku ya Idi, watoto wa Chungwani huzunguka nyumba kwa nyumba na nguo zao mpya. Wanasimama mlangoni, wanapaza sauti: "Bi, mkono wa Idi!" Mlango unafunguliwa, wanapewa visheti, kaimati, kipande cha halua, peremende. Riziki hakuweza kupaza sauti. Yeye aligonga bakuli lake la bati kwenye nguzo ya mlango, mara tatu, akangoja, akagonga tena. Na kila mwaka nyuma yake alisimama Mize, amemshika bega.

Lakini Idi ya mwaka mmoja iliharibika. Vijana wakubwa walijichomeka katika kundi la watoto, wakasukumana kwenye ukumbi wa nyumba iliyokuwa ikigawa halua, na mtoto mmoja, Nassor wa Bi Salama, akakanyagwa. Mkono wake ulivunjika vibaya. Faki alikuwemo katika msukumano ule. Hakumkanyaga mtu, lakini alikuwemo, na watu hawakusahau.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, Ramadhani ilipokaribia kwisha, sheha wa Chungwani, mkuu wa mtaa, Bwana Hamad Makame, akasimama baada ya sala ya Ijumaa akatangaza.

"Mkono wa Idi ni wa watoto. Aliyepita miaka kumi na miwili asionekane mlangoni pa mtu, na mwenye nyumba asimfungulie. Atakayekaidi nitamweka kwangu mpaka mkubwa wake aje kumchukua."

Watu wengi walisema sheha kafanya vyema. Bi Salama alilia kwa kushukuru.

Mize alikwenda kwa sheha siku ileile. Alimkuta barazani akitengeneza redio.

"Shikamoo, Bwana Sheha."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sitaki kupewa kitu, wala sitashika bakuli. Nataka tu nimshike mdogo wangu mkono."

Sheha aliweka redio chini. Hakuwa mtu mkali. "Nikikuruhusu wewe, Mize, nitamzuiaje Faki? Na yeye ataniambia ana mtoto wa jirani wa kumshika mkono."

"Riziki hasikii, Bwana Sheha."

"Najua, mwanangu. Atakwenda na Time wa Bi Raya. Time ana miaka kumi na mmoja na ana akili. Mtaa huu mdogo, atapotelea wapi?"

Mize alisema inshallah, akarudi nyumbani. Mama yao alikuwa na mtoto mchanga, arobaini haijatimia, hatoki nje. Baba yao alikuwa Unguja kikazi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda.

Asubuhi ya Idi Mize alimsuka Riziki, akamvalisha gauni la kijani, akampa bakuli lake. Kwa vidole akamwambia: fuatana na Time, usiuachie mkono wake, rudi. Riziki akagusa ndewe ya sikio lake, akanyanyua nyusi. Alikuwa anauliza, na wewe je? Mize akatikisa kichwa. Mtoto akamtazama muda mrefu, kisha akamgeuzia mgongo akaenda na wenzake, na hakupunga mkono.

Wingu lilikuwa limetanda tangu alfajiri. Adhuhuri haijafika, mvua ikashuka kwa kishindo, mvua ile ya masika isiyokupa nafasi hata ya kuanua nguo. Mize alisimama mlangoni. Aliona watoto wanarudi mbio, wameficha vikapu vyao chini ya nguo, wanacheka. Akawatazama mmoja mmoja akitafuta gauni la kijani. Wa mwisho alikuwa Time, na Time hakuwa akicheka.

"Nilimshika," alisema Time, na meno yanagongana. "Wallahi nilimshika, Da Mize. Mvua ikaja, tukakimbia, nikadhani yuko nyuma yangu."

Ndani, mama yao alisikia. Alijaribu kusimama, akaanguka magotini na mtoto mchanga mikononi.

Mtaa ulitoka. Haukusita, hilo lazima lisemwe. Wanaume walitoka na kanzu zao za Idi, sheha mbele yao, na wote walikuwa wakipiga kelele: "Riziki! Riziki wee!"

"Msimwite!" Mize alipita katikati yao akilia. "Hasikii! Mkimwita hasikii!"

Nani angemsikiliza? Mtu akipotea huitwa, na wao hawakujua njia nyingine. Mtu mmoja akasema mtoto hupenda kuchezea kaa kule kwenye mikoko, na maji yanajaa. Sheha akageuka, wanaume wote wakamfuata kuelekea mikokoni. Mize alibaki njiani, kanga imemganda mwilini.

Akafikiri: ningekuwa yeye, ningekwenda wapi? Riziki hakuachia mkono wa Time kwa kukimbilia kaa. Aliachia kwa sababu kulikuwa na nyumba ambayo hawajaigonga. Mize akaanza kuigonga milango, mmoja baada ya mwingine.

Nyumba moja, sauti ya mwanamke ilijibu kutoka ndani: "Sauti ya mtu mzima hiyo! Sheha kasema nini? Umri wako umepita, nenda zako!"

"Bi, mdogo wangu kapotea."

Komeo likavutwa haraka, na yule mwanamke akatoka na mkono kwenye kinywa. "Nisamehe, mwanangu. Yule wa gauni la kijani? Alikuja peke yake, nimempa kaimati. Mvua ikaanza, akazunguka huko nyuma."

Huko nyuma palikuwa na jumba bovu lililohamwa zamani, ua wake umeota majani marefu. Barazani, chini ya mabati yaliyosalia, alisimama mtu amejikunja, ushungi ameuvuta mpaka machoni, bakuli kwapani. Mize alimkimbilia. Hakuwa Riziki. Alikuwa Sabiha, amekunja magoti ili aonekane mfupi.

Sabiha alikuwa amekaidi tangu asubuhi. Hakuwa na njaa ya visheti. Idi ni siku pekee ambayo milango yote ya Chungwani hufunguliwa na anayefungua hucheka, na yeye alitaka mtu amchekee usoni kwa furaha, japo kwa kumdhania mtoto.

"Usinisemee kwa sheha," alisema. "Mize, tafadhali, mimi nilitaka tu..." Akanyamaza ghafla. "Ngoja."

"Umemwona mdogo wangu?"

"Nyamaza kwanza! Unasikia?"

Mize alisikiliza mpaka kichwa kikamuuma. Mvua juu ya mabati, basi. Hakuna kingine.

"Bati linagongwa," alisema Sabiha. "Mara tatu, kimya, mara tatu. Nilidhani ni mvua. Siyo mvua. Liko chini."

"Chini wapi?"

Sabiha alilala kifudifudi kwenye matope na nguo yake ya Idi, sikio kwenye ardhi. Akatambaa, akasimama, akatambaa tena, mpaka katikati ya yale majani marefu mkono wake ukagusa bati bovu lililotoboka tundu la kupita mtoto. Lilikuwa limefunika mdomo wa birika la zamani, lile la kuhifadhia maji ya paa. Mlizamu wa jumba ulikuwa bado unafanya kazi yake: maji yote ya paa yalikuwa yakimiminika mle ndani.

Walilivuta bati wakajikata vidole. Mize akachungulia.

Chini kabisa, katika giza la kijani, alikuwepo Riziki. Mkono mmoja umekamata chuma kilichochomoza ukutani. Mkono wa pili unagonga bakuli ukutani. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, na hakuwa akitazama juu. Alikuwa anagonga kama anavyogonga mlango wa mtu, anangoja kufunguliwa.

Mize alitaka kuruka. Tayari alikuwa ameshateremsha mguu, Sabiha akamkamata kwa gauni na kumwangusha chali.

"Ukiruka mtakufa wote! Kuta zinateleza, utatokaje? Nani anaweza kukwea huku?"

Wote wawili walijua ni nani. Sabiha aliondoka mbio, maana Mize asingeweza kuondoka. Mtoto angeinua macho, asimwone mtu, angeachia.

Alilala pale mdomoni mwa birika, maji ya mlizamu yakimpiga mgongo, akaziba kadiri alivyoweza kwa mwili wake. Hakukuwa na sala aliyoikumbuka hadi mwisho. Alikuwa anafikiri jambo moja tu: mimi nimetii. Mimi ndiye niliyetii.

Faki alikuwa uani kwa sheha tangu asubuhi, na mtaa mzima ulijua. Alikamatwa mapema na kikapu, na hakukana. Nyumbani hakukupikwa kitu, na bibi yake alikuwa amemuuliza kama mwaka huu kutakuwa na kaimati. Sheha alimwambia kabla ya kutoka: "Nikirudi nisipokukuta hapa, nitalipeleka jina lako polisi, pamoja na ile kesi ya mkono wa Nassor. Nimekustahi mwaka mzima, sasa basi." Faki alijua sheha hasemi mara mbili.

Sauti ya Sabiha ilipokuja nyuma ya ukuta ikisema mtoto, birika, maji, Faki alisimama.

"Faki! Umeambiwa usitoke!" alipiga kelele mke wa sheha kutoka jikoni.

"Nisamehe, Bi Kazija," alisema, na alipomaliza kusema alikuwa upande wa pili.

Aliliangalia birika mara moja tu. Akavua shati, akaweka mgongo upande huu wa shingo ya birika na nyayo upande ule, akaanza kushuka kwa kujibana, kidogo kidogo. Mawe yalimchuna ngozi. Mara mbili aliteleza, na mara mbili Mize aliziba macho. Halafu wakasikia maji yakipasuka, na sauti yake ikaja nzito: "Nimefika. Yanazidi, jamani. Yanazidi."

Mtoto alikuwa sasa na kidevu juu ya maji. Faki akamshika kiunoni. Riziki akapiga mateke. Hakumwona ni nani. Kitu kimemkamata gizani, naye alikuwa na chuma kimoja tu duniani. Faki alivuta, mtoto akakaza. Akamuuma mkono.

"Haachii!" Faki alipiga kelele. "Mwambieni aachie! Siwezi kukwea kwa mkono mmoja, lazima anishike shingo mwenyewe!"

Mwambieni. Nani amwambie, na kwa sauti gani?

Mize aliinamia birika, na kichwa chake kikaziba mwanga wote. Hapo akaelewa. Akarudi nyuma, akajinyoosha ubavuni, akaingiza mikono yake miwili tu kwenye ule mwanga mdogo, mpaka mabegani. Akapiga maji ya mlizamu yamrukie Riziki usoni, mtoto akainua macho.

Akaiona mikono. Hakuuona uso, wala hakuuhitaji. Mkono wa kushoto ukachora sikio hewani na wa kulia ukaligusa: mimi, dada yako. Kisha vidole vikafunguka: achia. Riziki akatikisa kichwa. Mikono ikasema tena: achia. Ikafunga ngumi: mshike yeye, usiachie. Ikarudia, ikarudia, mabega yakimwaka moto, na Mize huku juu akiwa ameuma mchanga kwa meno ili asilie, maana angetetemeka, na neno likitetemeka lisingesomeka.

Maji yalifika mdomoni mwa mtoto. Riziki akafungua vidole vyake.

Faki alimpandisha mgongoni, mikono midogo imemkaba mpaka anakoroma, na ule ukuta ambao hakuna mtu angeukwea akaukwea, damu inamtoka viwikoni. Walipomfikia, Mize na Sabiha walimvuta kwa nywele, kwa ngozi, kwa chochote.

Riziki alitapika maji. Midomo ilikuwa ya zambarau. Alipoweza kufungua macho alimgusa Mize ndewe ya sikio, akalala kifuani pake.

Sheha alifika amelowa mpaka kofia, na watu nyuma yake. Aliwaona wote: mmoja aliyetoroka uani kwake, mmoja mwenye bakuli asiloruhusiwa kulibeba, na mmoja aliyekuja kumwomba ruhusa akanyimwa. Alikaa chini palepale matopeni.

Hakuna aliyepelekwa polisi. Birika lilifunikwa kwa zege wiki ileile. Lakini amri je?

Watu wa Chungwani walikutana kwenye ukumbi wa skuli. Wengine walisema ifutwe. Bi Salama akasimama, akamnyanyua mwanawe Nassor ili watu wauone ule mkono uliopona umepinda. "Mtoto wa Bi Hidaya amepona, alhamdulillahi, nimelia naye," alisema, na Bi Hidaya ndiye mama yake Mize. "Lakini huu nao ni mkono wa mtoto. Mkiwarudisha wakubwa wote, mwakani atakanyagwa nani?"

Sheha akasema: "Amri itabaki. Lakini watoto hawatakwenda tena peke yao. Kila Idi kijana mmoja aliyepita umri atakwenda nao, mmoja tu, si zaidi, awe mkubwa wao. Milango yote atafunguliwa, na yeye atapewa kama wanavyopewa. Na wa kwanza atoke katika hawa watatu."

Bi Shazume akasema awe Sabiha. "Bila masikio yake mngekuwa mpaka leo mnaita huko mikokoni."

Bibi yake Faki, ameshikwa mkono na jirani, akasema awe Faki. "Hao wawili walijua mtoto yuko wapi. Kujua hakumtoi mtu majini."

Bi Hidaya akasema awe Mize. "Faki alikuwa mle ndani amemshika, na mtoto alikuwa anazama. Nani alimtoa pale kwenye chuma?"

Ubishi ukawaka. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba Sabiha na Faki walikaidi amri, na atakayepewa awe aliyetii. Mwingine akamrukia: "Kama Sabiha naye angetii, pale barazani angekuwepo nani?" Mwingine akasema wampe Faki, kwani ndiye aliyeruka ukuta huku akijua atapelekwa polisi. Bi Salama akasema yeye hawezi kumkabidhi Faki watoto, na papo hapo akainamisha kichwa, kwa kuwa aliona vile viwiko.

Mize alikuwa amekaa kwenye mkeka, Riziki amemshika gauni kwa mikono yote miwili. Tangu siku ile mtoto hakukubali kushikwa mkono na mtu mwingine, na ikiwa mkubwa wa watoto atakuwa mwingine, Riziki hatatoka tena siku ya Idi. Mize alitaka kusimama aseme hivyo. Akamtazama Faki, aliyekuwa amemwegemeza bibi yake begani. Akamtazama Sabiha, ambaye kwa mara ya kwanza watu walikuwa wakimtaja kwa jina lake. Akabaki amekaa, ameshika kile kiganja kidogo.

Sheha alisikiliza mpaka adhana ya alasiri ikasomwa. Akafuta macho. "Mimi niliamua mara moja," alisema, "na mmeona. Safari hii siamui peke yangu."

Idi ya kuchinja imekaribia, na watoto wa Chungwani wameanza kuuliza wataongozwa na nani. Aliyesikia ni Sabiha, aliyeshuka ni Faki, aliyesema ni Mize, na nafasi ni ya mtu mmoja. Mimi nusu yangu nimeimaliza. Haya, anza wewe uliyekaa hapo mbele: ungekuwa wewe ndiye sheha, ungemtaja nani, na hao wawili wengine ungewaambia nini?